Blokucheni haikokotoi: unachokodi hasa unapokodi GPU za mtandaoni kwa akili mnemba

Wengi wanaosikia habari za mitandao ya blokucheni inayogawana nguvu za kompyuta hudhani hesabu za akili mnemba zinafanyika ndani ya mnyororo wenyewe. Hazifanyiki humo. Chukua Akash, mtandao ulioanza kukodisha kadi za GPU (kadi za kompyuta zinazopiga hesabu nyingi kwa mpigo) mwaka 2023. Modeli yako inaendeshwa ndani ya kontena la kawaida la Linux, yaani chumba cha programu kilichotengwa, kwenye seva ya mtu fulani, na blokucheni kazi yake ni kushika daftari: nani ameomba nini, nani ametaja bei gani, nani kachaguliwa, pesa kiasi gani imeshakatwa. Ni dalali mwenye daftari lisilofutika. Ukilishika hilo, bei ya tokeni, yaani sarafu ya mtandao huo, haitakushughulisha sana. Utauliza kadi ina kumbukumbu kiasi gani, intaneti yake inapakia kwa kasi gani, na mashine ikizimika saa nane usiku wewe unabaki na nini.

Soko lenyewe ni mnada wa kushuka. Unaandika faili fupi la maelezo: imeji ya kontena (kifurushi cha programu ambacho kontena huanzishwa nacho), idadi ya prosesa, RAM, diski, aina ya GPU, na bei ya juu kabisa unayokubali. Unaweka amana, wenye seva wanaleta zabuni, unachagua mmoja. Kuanzia hapo amana inakatwa bloku kwa bloku, yaani kila baada ya sekunde chache. Naupenda utaratibu huu kwa sababu moja kubwa. Kwenye huduma kubwa za wingu, akaunti mpya mara nyingi huanza na mgao wa GPU wa sifuri, na inabidi uombe na usubiri. Hapa mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret mwenye kiasi kidogo cha sarafu za kidijitali anapata kadi jioni hiyohiyo.

Ubaya wake uko palepale kwenye amana. Ikiisha, mkataba unafungwa na kontena linafutwa pamoja na kila kilichomo. Hata diski iliyoandikwa kuwa ya kudumu hudumu ndani ya mkataba huo tu: inahimili kontena kuwashwa upya, haihimili mkataba kufungwa. Watu wanapoteza siku mbili za mafunzo ya modeli kwa kutojua sentensi hiyo moja.

Tuseme unataka kuinoa Whisper ndogo, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi yenye vigezo (namba ambazo modeli hujifunza) milioni 244, isikie Kiswahili vizuri zaidi kwa kutumia rekodi za Common Voice, mkusanyiko wa sauti wa Mozilla. Hii ndiyo kazi ya saizi ya mitandao hii. Kadi moja yenye GB 24 inatosha kabisa. Bechi ya rekodi 16, yaani rekodi zinazosomwa kwa mpigo mmoja, inaingia bila taabu. Imeji ya kontena itaje kwa namba yake kamili ya toleo, usiandike «latest», maana siku toleo jipya la CUDA, programu ya kutumia GPU za Nvidia, likigombana na draiva ya mwenye seva utalipia mashine isiyoiona GPU yake. Amri ya kwanza baada ya kuingia iwe nvidia-smi: soma jina la kadi na kumbukumbu yake, linganisha na ulichokodi, na kama havifanani funga mkataba hapohapo. Kisha panga mafunzo yahifadhi nakala kila baada ya hatua 500 na kuipeleka nje ya seva, kwenye hifadhi yako mwenyewe. Nakala moja, pamoja na hali ya optimaiza (programu inayorekebisha vigezo wakati wa mafunzo), ni kama GB 3. Mashine ikifa, unakodi nyingine na kuendelea pale ulipoishia.

Sasa ile ahadi kubwa, kwamba kompyuta za watu majumbani zitaunganishwa zifunze modeli kubwa kwa pamoja. Hapa ndipo naomba watu wachukue kalamu. Modeli ya vigezo bilioni 7, kila kimoja baiti 2, ni GB 14. Katika mafunzo ya kawaida, kila hatua mashine zinabadilishana gradienti, yaani marekebisho ya vigezo, za ukubwa huohuo. Ndani ya seva ya H100, GPU ya vituo vya data ya Nvidia, kadi zinaunganishwa na NVLink yenye GB 900 kwa sekunde, kwa hiyo mzigo huo unapita kabla hujapepesa jicho. Nyumbani, kwa intaneti inayopakia megabiti 100 kwa sekunde, ambayo wengi wetu hatuna, unapata MB 12.5 kwa sekunde, na GB 14 zinachukua karibu dakika 19. Hatua 1,000 ni siku 13 za kusubiri waya tu, kabla ya kuhesabu kazi yenyewe. Na kumbukumbu nayo inakataa: kufunza modeli hiyo yote kwa Adam, optimaiza inayotumika sana, kunahitaji takriban baiti 16 kwa kila kigezo, yaani GB 112, ilhali RTX 4090, kadi ya michezo, ina 24.

Zipo njia za kupunguza mzigo, na ni za kweli. Mbinu ya DiLoCo, iliyotoka Google DeepMind mwaka 2023, inaiacha kila mashine ifanye hatua nyingi peke yake ndipo zisawazishane. Mwaka 2024 kampuni ya Prime Intellect waliitumia kufunza INTELLECT-1, modeli ya vigezo bilioni 10, kwenye mabara matatu: mashine zilisawazishana kila baada ya hatua 100, na zilichotumiana kikabanwa hadi biti 8, hivyo mawasiliano yakapungua mara 400. Nimefurahishwa sana na kazi ile. Ila mashine zake zilikuwa seva za H100 nane nane ndani ya vituo vya data. Anayeitaja kama ushahidi kwamba kompyuta ya michezo ya kijana wa Kariakoo itafunza jitu la kesho anapotosha. Kompyuta hiyo ina kazi nyingine nzuri: modeli ya bilioni 7 ikibanwa hadi biti 4 ni GB 3.5, inakaa kwenye kadi ya GB 8, na swali la mtumiaji ni kilobaiti chache tu kupita kwenye waya.

Tatizo ambalo halijaisha ni uthibitisho. Mwaka 2024 io.net, mtandao mwingine wa kukodisha GPU, walijikuta wakipambana na mashine bandia zilizojisajili ili zipate zawadi za tokeni. Mteja alikuwa hatarini kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kurudia hesabu kwenye mashine ya pili na kulinganisha majibu kunaonekana rahisi, lakini GPU mbili tofauti zinaweza kujumlisha desimali kwa mpangilio tofauti, tarakimu za mwisho zikahitilafiana bila yeyote kudanganya. Mpaka leo kinga bora ya mteja mdogo ni kazi yake mwenyewe: pima modeli kwa rekodi ambazo hukuziweka kwenye mafunzo.

Anayetaka kukodisha kadi yake naye apige hesabu ya LUKU kwanza. RTX 4090 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula wati 450, sawa na uniti 10.8 kwa siku, kadi peke yake. Zidisha kwa bei yako, ongeza siku ambazo mkataba utavunjika kwa sababu umeme umekatika, ndipo uangalie zawadi.

La mwisho ni siri. Mwenye seva anaweza kusoma kumbukumbu ya kontena lako. Kadi za kawaida za michezo hazina kinga dhidi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na kwenye mnada huu seva inaweza kuwa popote. Sauti za Common Voice zimetolewa chini ya CC0, leseni inayoruhusu kila mtu kuzitumia, hizo zipeleke. Rekodi za wagonjwa wa zahanati usizipeleke kabisa, hata kama bei imeshuka kiasi gani.