Mwalimu wa fidla hajashindwa jukwaani

Huku Mtwara ukimtaja mpigaji fidla, watu huuliza yuko bendi gani. Ukisema anafundisha, wanamwonea huruma, kana kwamba jukwaa lilimkataa. Mimi napinga hilo kwa moyo wote.

Mchukueni Leopold Auer, mpigaji na mwalimu wa fidla. Alizaliwa Hungaria mwaka 1845, akanolewa na Joseph Joachim, gwiji wa fidla aliyefanya kazi Ujerumani, na tangu 1868 hadi 1917 akafundisha chuo cha muziki cha St. Petersburg, Urusi. Karibu miaka 50 chuo kimoja! Kwa sehemu kubwa ya muda huo ndiye aliyepiga vipande vya fidla vya mpigaji mmoja katika maonyesho ya baleti ya kifalme. Mikononi mwake walipita wapigaji mashuhuri: Mischa Elman, Nathan Milstein na Jascha Heifetz, yule aliyeushangaza ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwaka 1917 akiwa na miaka 16 tu. Heifetz naye, umri uliposogea, alifundisha Los Angeles.

Chombo chenyewe kinadai mwalimu. Shingo ya fidla haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, noti imepotoka, na anayeanza mara nyingi haisikii. Lazima awepo mtu pembeni wa kumlegeza bega, kumwinua kiwiko, kumwambia "rudia" mpaka sikio lizoee. Video ya simuni inaonyesha vizuri, lakini haimsikii mtoto. Mafundi vinyago wa Kimakonde wanalielewa hili kuliko yeyote: kijana hukaa kwanza karibu na fundi, akiutazama mkono wake, kabla ya kuaminiwa gogo zima la mpingo.

Vipaji tunavyo. Sikilizeni kwaya za Ndanda na Masasi siku ya Jumapili. Tunachohitaji ni mwalimu.

Kwa hiyo nawaomba wenye uwezo, nanyi mliojaliwa msimu mzuri wa korosho: msikimbilie kununua fidla. Msomesheni kijana mmoja Zanzibar, kwenye Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi. Kule fidla ni ya taarabu, ndiyo, lakini upinde ni uleule, na mwenye sikio lililofunzwa anaweza kuendelea hadi kwa Bach na Brahms, watunzi wa muziki wa Ulaya. Akirudi mlipeni mshahara wa kila mwezi, kama mwalimu mwingine yeyote. Fidla zije baada yake, tena achague yeye, maana mtoto wa miaka saba huhitaji ndogo ya kimo chake, na mnunuzi asiyejua ataleta za watu wazima.