Jina la kuchafua hushika lini?

Msimu wa kampeni ukifika, washauri wa siasa hukesha wakitafuta jina la kumbandika mpinzani, na wengi hulitafuta kwenye ukali: fisadi, msaliti, kibaraka. Naona wanapoteza muda. Ukali huwafurahisha waliokwisha kuamua. Jina hushika pale mpigakura alipokuwa na shaka yake tayari, akakosa tu neno la kuitaja. Ukimpa hilo neno, kazi iliyobaki ataimaliza mwenyewe.

Mwaka 2004, kwenye uchaguzi wa urais wa Marekani, kambi ya George W. Bush ilimwita mpinzani wake John Kerry kigeugeu. Seneta wa karibu miaka ishirini hakosi kura zinazogongana, kwa hiyo shutuma hiyo ingeweza kumpata yeyote. Ila mwezi Machi, akieleza msimamo wake kuhusu dola bilioni 87 za vita vya Iraki na Afghanistan, Kerry alisema alizipigia kura ya ndiyo kabla ya kuzipigia ya hapana. Wapinzani wake hawakuwa na haja ya kutunga chochote tena. Waliichukua sauti yake wakairudia hadi Novemba.

Lakini ukweli kidogo ndani ya jina hautoshi, na hapa ndipo Kanada inapovutia, maana chama kilekile cha Conservative kilitumia mbinu ileile mara mbili kikavuna matunda tofauti kabisa. Kuanzia 2009 kilimwandama Michael Ignatieff, kiongozi wa Liberal, kwa matangazo yaliyosema kwamba amekuja kutembea tu. Ignatieff alikuwa ameishi nje ya nchi kwa miongo kadhaa, akifundisha hadi Harvard. Chama chake hakikujibu kwa nguvu, na kufikia uchaguzi wa 2011 picha ilikuwa imekauka: Liberal walibaki na viti 34, na yeye akapoteza jimbo lake.

Mwaka 2015 zamu ikawa ya Justin Trudeau, kiongozi wa Liberal wakati huo. Safari hii ujumbe ulikuwa kwamba bado hajawa tayari, yaani hajaiva. Nalo lilikuwa na mashiko. Alikuwa kijana miongoni mwa wakongwe na watu walijiuliza kama anauweza uwaziri mkuu. Tofauti ni kwamba miaka ya Ignatieff ughaibuni ilikuwa imeshapita na haifutiki, ilhali kutokuwa tayari ni utabiri, na utabiri mtu huweza kuukanusha jukwaani mbele ya kamera, usiku mmoja tu. Msemaji wa kampeni ya Stephen Harper, waziri mkuu wa Conservative wakati huo, alifika mahali pa kusema kwamba Trudeau akipanda kwenye mdahalo akiwa amevaa suruali, huenda akavuka matarajio. Alidhani anatania. Kumbe walikuwa wamemshushia Trudeau kipimo, kisha wakampa kampeni ya siku 78 ya kukivuka. Liberal walishinda kwa viti 184.

Kanada hiyohiyo, mwaka 1993, Progressive Conservative, chama tawala cha wakati huo, walirusha tangazo lililokuza sura ya Jean Chrétien, kiongozi wa Liberal, ambaye mdomo wake ulipinda kutokana na ugonjwa wa utotoni. Hasira zilipanda, wakaliondoa upesi. Walimaliza na viti viwili. Siamini tangazo ndilo lililowaangusha, kwani walikuwa wanazama tayari, lakini kumcheka mtu kwa maumbile yake kuliwapa hata waliosita sababu ya kuwakimbia.

Kuna kosa jingine ambalo wenye elimu hulirudia zaidi: kumpaka matope mpinzani hadi yawarukie wapigakura wake. Hillary Clinton alipowaweka nusu ya wafuasi wa Donald Trump kwenye kapu la watu wa hovyo, Septemba 2016, wao walilivaa jina hilo kwenye fulana.

Anayebandikwa naye ana nafasi yake. Januari 1976 gazeti la jeshi la Kisovieti, Krasnaya Zvezda, lilimwita Margaret Thatcher, wakati huo kiongozi wa upinzani Uingereza, mwanamke wa chuma, na kabla mwezi haujaisha alikuwa analitumia mwenyewe kwenye hotuba. Aliweza kwa sababu ugumu ndio wapigakura wake waliokuwa wanautafuta. Richard Nixon, rais wa Marekani, hakuwa na njia hiyo. Novemba 1973, sakata la Watergate, lililoanza na uvunjaji wa ofisi za chama pinzani, likiwa limemkaba, alitangaza kwamba yeye si mwizi, na tangu siku hiyo neno lililoambatana na jina lake ni lile alilolikana, tena kwa mdomo wake mwenyewe.