Sikulewa, nilimwagiwa

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ambayo rafiki yangu ameirekodi akisema nilikuja shuleni nimelewa: hapana, sikulewa. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haikupita mdomoni mwangu. Ilipita puani, machoni na ndani ya sikio la kushoto, hiyo nakubali.

Wanafunzi wa Goma mnajua mwisho wa muhula ulivyo. Walimu hawaulizani. Kila mmoja anadhani somo lake ndilo tunalosoma peke yake. Basi Alhamisi moja ikanikuta na tepe tatu, yaani kazi za vitendo: jiografia, maketi (mfano wa karatasi) ya volkano yetu, Nyiragongo; historia, mchezo mfupi juu ya uhuru wa Kongo; biolojia, kuonyesha jinsi chachu inavyokula sukari ikatoa pombe na gesi ya kaboni. Mwalimu wa biolojia alitaka chupa ya maji ya ndizi, mdomoni ivalishwe baluni ili gesi ionekane ikijaa.

Maji ya ndizi nilikamua na bibi, kwa majani, tukatia unga wa mtama wa kukaanga. (Ndiyo, ni kasiksi. Kwenye karatasi niliandika «mchanganyiko». Tuheshimiane.) Usiku wa huku ni baridi, na chachu inapenda joto, kwa hiyo chupa ililala karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Asubuhi baluni ilikuwa imevimba kama shavu la mpiga tarumbeta.

Motari, yule wa pikipiki ya kunipeleka shuleni, akaikataa. «Dada, hiyo ikipasuka mgongoni mwangu tutalala wote kwenye mtaro.» Nikatoa baluni, nikafunga kizibo, nikakaza. Halafu safari kutoka mtaani kwetu Ndosho, juu ya yale mawe ya lava tunayoyaita barabara, chupa kwenye begi na volkano ya karatasi mapajani.

Saa ya historia. Mimi Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza: miwani ya babu, ndevu nimechora kwa makaa. Rafiki yangu, huyo huyo wa sauti, ni Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, shati jeupe la baba yake na rula ndefu kiunoni kuwa upanga. Mwingine ni Ambroise Boimbo, yule aliyemnyakua mfalme upanga wake barabarani. Mwalimu alikuwa amekwisha kutusema: upanga ulinyakuliwa tarehe 29 Juni 1960, hotuba ya Lumumba ilikuwa tarehe 30, mbona mmeviweka pamoja? Tukamjibu kwamba darasa halina nafasi ya siku mbili.

Bwana Prefe, mkuu wa shule, akaingia na mgeni, inspekta, wakasimama nyuma. Nani aliwaita?

Sasa hapa nendeni polepole na mimi. Boimbo ananyakua rula. Anakimbia kati ya mabenchi. Mguu wake unanasa kwenye mkanda wa begi langu, begi linamfuata, linabamizwa kwenye ukuta, linarudi mpaka miguuni pa Mfalme. Ndani yake kitu kinasema «fiiii».

Mimi nimekwisha kunyoosha kidole na kufungua mdomo niwasalimu wapiganaji wa uhuru. Fiiii. Inspekta anainamisha kichwa, anasikiliza. Na Mfalme wa Wabelgiji, badala ya kukaa kwenye kiti chake akasirike kama historia inavyotaka, anainama, anatoa chupa, anaitazama kwenye mwanga, na anazungusha kizibo.

Hiyo sehemu hamkuisikia kwenye sauti yake, sivyo?

Kizibo kiligonga dari. Nilikiona kikipanda, nilipata hata muda wa kufikiri kwamba kitarudi. Kisha povu: kwanza kifua cha Mfalme, kisha yeye, kwa woga, akaigeuza chupa upande wangu. Ndevu zangu zikaanza kuteremka. Lumumba akawa na ndevu shingoni, kisha kwenye kola. Na kilichobaki kikamwagika juu ya meza ya mwalimu, ambako mita 3,470 za Nyiragongo zilikuwa zinasubiri saa ya jiografia. Mlima ukanywa, ukalegea, ukakaa chini. Mto wa kahawia ukashuka taratibu kwenye mji wangu wa karatasi, ukafunika kiwanja cha ndege upande wa kaskazini, kama lava ya Januari 2002. Nawaambia, hata ningepanga kwa rula nisingeweza kuipitisha njia hiyo.

Kimya. Halafu harufu. Ninyi mnaokaa karibu na mazuku, yale mashimo yanayotoa gesi ya volkano, mtasema gesi ya kaboni haina harufu, ni kweli, ila yangu ilikuja na wajomba zake.

Inspekta akauliza kwa upole sana: «Mheshimiwa Lumumba, unakunywa tangu lini?»

Mengine ni ya haraka. Ofisini, karatasi ya maelezo, mzazi aitwe. Mama akafika na kitenge cha kanisani, akanusa kola yangu mbele ya Prefe, akasema, «Mtama umeunguzwa.» Prefe akaacha kuandika akamwangalia yeye. Historia tulipata 14 kwa 20. Jiografia nifanye upya. Biolojia 9, eti sampuli haikufika darasani, ingawa mwalimu alikiri kwamba gesi ilionekana mpaka darasa la jirani.

Sasa baba yake Mfalme anadai shati lake kwangu. Kwangu! Nimetia limau, nimetia javeli ya kung'arisha nguo, doa halisogei. Anayejua dawa ya doa la ndizi aniandikie pembeni, si kwenye grupu.