Usiku wa Arusha Unasubiri Mchoraji

Picha nyingi zinazouzwa Arusha ni za tembo, Mlima Kilimanjaro na morani wanaotembea machweo. Ni kazi halali na inalisha familia. Lakini mji wenyewe hauchorwi inavyostahili, hasa mtu aliye peke yake katikati ya mji. Anayetaka kuujaribu uwanja huo aanze kwa kumsoma Edward Hopper, mchoraji wa Marekani (1882–1967).

Tazama picha yake Nighthawks ya mwaka 1942, iliyoko Art Institute of Chicago. Ina upana wa sentimita 152 na kimo cha 84. Mgahawani mna watu wanne tu, akiwemo mhudumu, na hakuna anayelia. Upweke unatoka kwingine: barabara tupu iliyotanda kushoto, kioo kirefu kisichoonyesha mlango wa kutokea nje, na mwanga wote kutoka ndani ukimwagikia njia.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wakitaka upweke huchora uso wenye huzuni, kisha hujaza kila pembe bodaboda na mabango, jicho likakosa pa kutulia. Hopper alipunguza. Katika Early Sunday Morning (1930) alikwisha kumweka mtu dirishani, akamfunika kwa rangi.

Chukua duka la dawa lililo wazi usiku Barabara ya Sokoine. Ubao wa sentimita 60 kwa 108 unakaribia uwiano wa Nighthawks. Taa ya duka iwe chanzo pekee cha mwanga. Ukiongeza ya gari, vivuli vinagombana. Giza usilipake nyeusi tupu, maana linakuwa bapa kama ukuta. Changanya bluu nzito na kahawia iliyokolea, tia kijani kidogo karibu na kioo. Rangi ya kopo inayotumiwa kwa picha za mtindo wa Tingatinga inafaa ukingo mkali wa dirisha, lakini mwanga unaofifia barabarani unahitaji rangi ya mafuta, kwa sababu hukauka polepole na kukupa muda wa kuilainisha.

Picha ya simu pekee haitoshi. Kamera huunguza weupe wa taa na kulifanya giza kuwa jepesi kuliko lilivyo. Simama pale, chora kwa mkaa mara nyingi. Kwa New York Movie (1939) Hopper alitanguliza michoro zaidi ya 50.

Mtu wako asizidi robo ya kimo cha ubao. Ukimkuza, utakuwa umechora muuza dawa, na barabara itabaki pambo la nyuma yake.