Tovuti ya Nini, TikTok si Ipo?

Ukikaa na wauza nguo wa Biashara Street au wenye yadi za magari hapa Mombasa, ukataja tovuti, jibu huja kabla hujamaliza: "Ya nini, TikTok si ipo?" Vijana wanaowaendeshea kurasa zao husema hivyo hivyo, tena kwa dharau kidogo, kana kwamba tovuti ni kitu cha enzi za saiba kafe. Wana hoja. Lakini ni hoja ya muuza dera, na imekuwa ikipewa kila mtu, hata mwenye nyumba ya wageni kule Mji wa Kale ambaye wateja wake hawajui Biashara Street iko upande gani wa dunia.

Dharau yenyewe ina sababu zake. KENIC, shirika linalosimamia majina ya tovuti za Kenya, lilianza mwaka 2002, na kwa miaka mingi baadaye tovuti hapa ilikuwa ya mahoteli ya ufukweni na makampuni ya meli. Mwenye duka aliyejitosa alitafuta heshima tu. Anwani ikachorwa kwenye bango na kuchapwa kwenye risiti, ndani ya tovuti mna picha ya mkurugenzi, neno la karibu, na kurasa tatu zilizoandikwa "inaandaliwa". Duka likahama, namba ya simu ikabadilika, tovuti ikabaki vile vile. Fundi aliyeitengeneza alishalipwa, na simu hapokei. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua papa hapa Mombasa, intaneti ikapata kasi, na mwaka 2011 Google na washirika wake walikuja na mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti za bure. Kufungua ilikuwa rahisi. Nani ataijaza, na nani atamjibu mteja anayeandika usiku? Hilo halikuwa kwenye mpango.

Kumbe mteja alishahamia kwenye simu. M-Pesa ilianza 2007, namba za till, za kumlipa mwenye duka kwa M-Pesa, zikafika madukani, na mwaka 2018 ikaja WhatsApp ya biashara. Itazame leso ya harusi inavyouzwa leo. Mama yuko Voi, anatuma picha aliyoiona kwenye status ya shoga yake: "Hii ipo?" Anajibiwa kwa sauti, "Ipo mamangu, rangi tatu." Anataka pea kumi na mbili, anauliza mwisho ngapi, wanavutana, anaongezewa moja ya bi harusi, anatuma pesa kwa till, mzigo unapakiwa kwenye basi jioni ile ile. Tovuti gani ingefanya hayo vizuri zaidi? Tovuti haivutani bei. Haimjui mama huyu kwamba mwaka jana alikopa na akalipa. Aliyemcheka muuza leso kwa kukosa tovuti hakuwahi kusimama dukani kwake saa nzima.

Sasa njoo kwa mwenye nyumba ya wageni. Mgeni wake yuko Hamburg au Nairobi, hawajawahi kuonana, na anataka kulipia chumba miezi miwili kabla. Huyu haji kwa status ya shoga. Anakuja kupitia mawakala wakubwa wa kuuza vyumba mtandaoni, ambao kamisheni yao kwa kawaida huzunguka asilimia 15.

Tuipige hesabu hiyo polepole, maana wengi huitamka asilimia 15 kama wanavyotamka bei ya chumvi. Tuseme chumba ni shilingi 6,000 kwa usiku. Wakala anachukua 900. Chumba kikilaliwa usiku 20 kwa mwezi kupitia kwake, ni 18,000. Kwa mwaka, 216,000. Hicho ni chumba kimoja. Mwenye vyumba sita afanye mwenyewe hesabu, akiwa amekaa. Na kamisheni inakatwa kwenye bei ya chumba, haijali kwamba mwezi ule pampu ya maji iliungua au mafuta ya jenereta yalipanda. Msimu wa mvua ukishusha bei ya chumba hadi 4,000, gharama za sabuni na shuka hazishuki, lakini 600 inakwenda.

Watetezi wa wakala wana jibu, na si jibu dogo. Bila wakala, mtu wa Hamburg angejuaje kwamba nyumba ile ipo? Wakala amelipia matangazo duniani kote, amejenga imani ya malipo, ameweka maoni ya wageni waliotangulia. Kwa mgeni wa kwanza, 900 ni ada ya kujulikana, na mimi sioni kosa kuilipa. Swali langu ni la mgeni huyo huyo akirudi mara ya tatu. Anaijua nyumba, anamjua mpishi, amewaambia ndugu zake. Anaandika jina la nyumba kwenye Google, na kinachotangulia juu kabisa ni tangazo la wakala, limelipiwa kwa jina la nyumba hiyo hiyo. Anabonyeza, kwa sababu hakuna mlango mwingine. Mwenye nyumba anakatwa tena 900 kwa mgeni ambaye ni wake. Tukisema theluthi moja tu ya zile 216,000 inatoka kwa watu wa namna hii, ni 72,000 kwa chumba kimoja kwa mwaka. Ada ya mwaka ya jina la tovuti linaloishia .co.ke haifiki hata bei ya usiku mmoja wa chumba hicho. Ongeza gharama ya kuihifadhi tovuti na ya kumlipa kijana wa kuiweka sawa, bado hujakaribia.

Tena tovuti yenyewe haihitaji madoido. Bei za msimu huu, picha za vyumba vilivyopo sasa na si vya kabla ya rangi, namna ya kulipa, na namba moja inayopokelewa. Kurasa mbili zinatosha.

Kwenye yadi za magari shida ni nyingine. Gari limeshuka bandarini kutoka Japani, limepigwa picha, limewekwa Facebook, na kesho yake picha zile zile ziko kwenye ukurasa wa tapeli mwenye jina linalokaribia la yadi, bei imepunguzwa laki moja, amana itumwe leo. Mnunuzi wa Eldoret au Kampala atajua vipi ukurasa wa kweli? Wafuasi hununuliwa. Jina la tovuti lililosajiliwa, lenye orodha ya magari na namba rasmi, halimalizi utapeli, ila linampa mnunuzi pa kuhakikisha kabla ya kutuma pesa. Wafanyabiashara wa leso walilijua jambo hili zamani kabla ya intaneti: leso za Kaderdina Hajee Essak wa Biashara Street zimechapwa "Mali ya Abdulla", na mtu wa mbali asiyewahi kukanyaga duka lile hununua kwa kuiona alama.

Kuna wanaotisha watu kwa ile jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika pamoja kwa saa kama sita, kwetu ikiwa karibu na Magharibi. Hoja hiyo siipendi. Saa sita ni nini kwa mtu aliyezoea umeme wa Mombasa? Na tovuti nazo huzimika. Kinachouma zaidi ni mabadiliko ya taratibu. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya marafiki na jamaa mbele ya yale ya biashara, na kurasa zilizokusanya wafuasi kwa miaka zikajikuta zinalipia tangazo ili zionekane na wafuasi wao wenyewe. Tovuti za bure nazo si kimbilio: Machi 2024 Google ilizifunga zile zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara kwenye huduma yake, na waliokuwa nazo wakatakiwa kutafuta pengine.

Kwa hiyo muuza dera abaki TikTok, auze laivu mpaka usiku wa manane, hakuna anayemdai tovuti. Fundi seremala wa Bombolulu anayepata kazi kwa kuelekezwa na majirani, hivyo hivyo. Lakini anayeuzia watu asioonana nao, wanaolipa kabla ya kupokea, yaani nyumba za wageni, yadi, mawakala wa forodha wenye wateja Uganda na Rwanda, wenye mashua za kupeleka watalii baharini, huyo akiambiwa TikTok yatosha amepewa ushauri wa mtu mwingine. TikTok imlete mgeni, na wakala amlete. Mgeni akishafika awe na pa kurudi pasipo mtu wa katikati.

Ila tovuti yenye bei za miaka mitano nyuma ni heri isiwepo, maana mgeni hufika nayo kwenye simu, na mabishano huanzia mapokezi. Na kuna mtego ambao sisi wapenda tovuti hatuutaji vya kutosha. Mara nyingi fundi husajili jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake, mwenye biashara asijue, mpaka siku wanapokosana au fundi anapohamia Doha. Hapo jina lililochorwa ukutani na kwenye mashua ni la mtu mwingine, na wakala wa usajili atamsikiliza yule aliyeandikwa kwenye kumbukumbu. Kabla ya kuulizia rangi na picha, mwenye nyumba amwombe fundi amwonyeshe usajili umeandikwa jina la nani.