Mpiga Besi Tuliyemfukuza Yuko Meza ya Mbele

Watu wakikuona kiongozi wa bendi wanadhani umeula. Wanakuona umeshika gitaa la solo, shati linang'aa, mama mmoja anapanda jukwaani kukubandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso, basi wanasema huyu maisha yake mserereko. Hawajui kwamba noti ile inaingia kwenye kopo, kopo linagawanywa kwa watu wanane, na katika hao wanane kuna mmoja ambaye noti inabandikwa yeye bado yuko kwenye daladala la Mbagala anagombea siti.

Huyo ndiye mpiga besi wetu. Alikuwa. Au bado ni, sijui hata nisemeje, na ndicho kinachonikosesha usingizi.

Nitaje kwanza makosa yake, msije mkasema nimemwonea mtoto wa watu. Mazoezi saa nane, yeye anafika saa kumi, anasimama mlangoni na mhindi wa kuchoma mkononi, anauliza, "Kumbe mmeshaanza?" Tukaweka faini, elfu tano kila ukichelewa, inakatwa kwenye mgao. Hakubisha hata kidogo. Akawa anailipa kama mtu anayelipia king'amuzi, kwamba hiyo ni gharama ya kawaida ya mwezi, maisha yaendelee. Tena tukajikuta nyuzi za gitaa tunanunua kwa faini zake, waya wa spika kwa faini zake, hata soda za kikao cha kumjadili yeye zilitoka kwenye faini zake.

Halafu deiwaka, kibarua cha usiku mmoja kwa bendi ya watu. Siku tunayo shoo, yeye anapita kwanza kupiga deiwaka na bendi nyingine, mkono kwa mkono, ndipo aje kwetu jasho limeshamkauka. Kuna usiku alituambia ana homa. Tukaomba mtu wa kumshikia, tukapiga ilivyopigika, na wakati tunarudi na vyombo kwenye Kirikuu tukapita nje ya ukumbi mmoja kule Temeke, tukasikia besi. Mpiga tumba akasema, "Simamisha gari, hiyo homa naifahamu."

Na sare. Tulishonesha mashati ya kitenge, tumepimwa mmoja mmoja, kitambaa tumekifuata Kariakoo wenyewe. Lake akamwazima binamu yake. Binamu akalivaa kwenda harusini, harusi ambayo wapigaji ni sisi! MC akamwona amekaa kwenye meza ya upande wa bwana harusi anakula kuku, akadhani mwanamuziki ametoroka kazini, akamwita kwa kipaza sauti arudi jukwaani mara moja. Yule kijana kwa heshima akapanda. Akasimama pembeni yangu wimbo mzima anapiga makofi. Bendi ikaonekana ina watu tisa, na mwenye harusi akasema hajui kwa nini amelipia wanane.

Sasa mtaniuliza, mtu wa hivyo mlimweka wa nini? Tatizo jamaa anapiga. Nyie acheni. Dansi letu mnalijua, wimbo unaanza taratibu, mwimbaji analalamika mapenzi yake mpaka yaishe, halafu linaingia chemko, magitaa yanapishana, na hapo ndipo unapomjua mpiga besi. Wengi wanajaza. Kila mahali wanatia noti, wakiona nafasi wanaona deni. Yeye anaacha. Anapiga mbili, ananyamaza, unadhani kamba imekatika, halafu anarudi pale ambapo kiuno chako kilikuwa kinamngojea. Watu hawachezi besi yake, wanacheza ule ukimya. Nimewaona wazee wa pensheni wanaacha fimbo kwenye kiti.

Lakini bendi ni kazi. Tukakaa kikao, yeye hayupo, amechelewa, na safari hii tukashukuru. Kila mtu akapaza sauti kwamba aondoke. Mwimbaji alipaza zaidi, na ndiye anayemdai. Nikauliza, haya, nani atamwambia? Mjue kwamba pale ukimya ulikuwa mzuri kuliko wa besi yake.

Mpiga dramu wetu ni msomi wa simu, akasema hata The Beatles walishamtoa mpiga dramu wao, Pete Best, Agosti 1962, na wenzake hawakumwambia wenyewe, walimwachia meneja wao, Brian Epstein, amwite ofisini ampe habari. Tukaona hiyo ndiyo njia ya kiungwana. Ila sisi hatuna ofisi, na mtu wa pekee anayefanana na meneja ni mwenye baa tunapopiga, naye ni shemeji yake mpiga besi. Tena msomi huyohuyo akamalizia, kwa sauti ya chini, kwamba mashabiki walikasirika na George Harrison akapigwa ngumi ya jicho. Mpiga gitaa la solo huyo! Kwa nini kila balaa linamwendea mpiga solo?

Tukaamua tumtoe kwenye grupu la WhatsApp, ataelewa mwenyewe. Nikashika simu, natafuta pa kubonyeza, sipaoni. Kumbe admini ni yeye. Alilifungua yeye wakati tunaanza, sisi wote tumeingizwa na yeye. Ikabidi nimwandikie humohumo, ujumbe mrefu wenye "kwa masikitiko" na "tunakutakia kila la heri". Tiki zikageuka buluu papo hapo, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuwahi kitu. Akajibu, "Sawa kaka, nimewaelewa, Mungu awabariki." Halafu akaanza kututoa. Mpiga tumba katoka, mwimbaji katoka, mimi nikatoka wa mwisho. Kwa hiyo ukienda kwa kumbukumbu za simu, bendi iliyofukuzwa ni sisi. Jina la grupu na picha ya bendi anavyo yeye, yumo peke yake.

Jumamosi ile, nisiwafiche, nilikuwa mwepesi. Tulianza saa tatu kamili usiku, jambo ambalo bendi hii haikuwahi kuliona. Ukumbi mtupu. Wateja wetu wamezoea kwamba sisi tunaanza saa nne na nusu, wanakula kwanza kwao. Tukapigia wahudumu na jamaa mmoja aliyekuja kuangalia mpira.

Jumapili nikaenda kufuata vyombo, maana vyombo vyetu vinalala kwa mama yake mpiga besi, chumba cha uani. Nimejiandaa kwa matusi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pita ukae, hujala wewe." Akanipakulia wali na maharage ya nazi, akanikatia na embe. Hakulitaja jambo lenyewe hata kwa mbali. Alisema tu, "Mdogo wako amelala. Siku hizi analala mapema, sijui anaumwa nini, muulize wewe akuambie." Ule wali niliumeza kwa maji. Afadhali angenifokea! Mama akifoka unapata pa kujitetea, lakini mama akikuongezea mchuzi utajitetea na nini?

Nikabeba spika, nikabeba tumba, nikabeba amplifaya. Nikafika kwenye gitaa la besi. Mama akasema, "Hilo si lenu. Hilo alimnunulia mjomba wake."

Hapa ndipo ninapowaonea wivu wazee. NUTA Jazz ilipoundwa 1964 ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, wanamuziki walikuwa waajiriwa wa kulipwa mshahara, na vyombo vilikuwa vya jumuiya. Ukitoka unatoka na koo lako na vidole vyako, gitaa linabaki. Kuna mteja wetu mmoja, mzee wa siku hizo, huwa anakaa karibu na spika ya kushoto kwa sababu sikio la kulia limeshachoka, nilimlilia shida yangu akanicheka. Akanikumbusha 1985, mwenye bendi Hugo Kisima alipokwenda kuwazoa watu wa bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, waimbaji akina Muhiddin Maalim na Hassani Bitchuka, akaunda nao International Orchestra Safari Sound. Mji ulisimama, watu walidhani Sikinde imekufa, na haikufa. Mbaraka Mwinshehe naye aliiaga Morogoro Jazz 1973, akaanzisha Super Volcano. "Sisi tunajua kuhama na kuchukuliwa," mzee akaniambia. "Mtu akihama anatangazwa, akichukuliwa anapandishwa bei. Huyu wa kwenu mmemfanya nini?" Nikamwambia tumemfukuza. Akanywa bia yake kimya, akaniangalia kama askari wa jiji.

Gitaa jipya la maana hatuliwezi kwa mfuko ule, tena mfuko wenyewe umekauka tangu faini zikatike. Tukakubaliana tumkodi gitaa lake, elfu ishirini kwa shoo. Akasema sawa kaka, ila silitoi nyumbani bila mimi mwenyewe, nitalileta. Basi analileta. Saa nne na nusu.

Nadhani mmeanza kunielewa. Mtu tuliyemfukuza kwa kuchelewa sasa tunamlipa achelewe. Akishalikabidhi gitaa anakaa meza ya mbele kabisa, maana lazima alisubiri arudi nalo. Mwenye baa ni shemeji yake, kwa hiyo mishikaki inapita kwangu inaenda kwake. Mama wa noti za elfu tano akipanda kututunza, akishuka anapitia pale anamwachia na yeye, "pole mwanangu, nimesikia waliyokufanyia." Ile ya kwake haiingii kwenye kopo.

Kijana mpya tuliyempata ni mzuri. Anawahi mpaka anakera. Nikifika nakuta ameshafuta vumbi spika za watu wote, ananiita "mkuu", ana daftari la nyimbo zetu zote, lina rangi mbili. Anapiga kila noti mahali pake, hakosei. Na tukifika kwenye chemko watu wanakwenda kununua maji. Simlaumu. Ningependa kumlaumu, lakini nikitafuta kosa silioni, na hilo nalo linaniudhi. Na pale mbele yule mwingine hasemi kitu, hamcheki kijana, hazomei. Anafumba macho tu, na mahali ambapo yeye angenyamaza anainua kidole kimoja juu ya meza. Mimi nampigia solo kijana, macho yako kwenye kidole. Wiki iliyopita mpiga tumba alijisahau akakifuata, akaacha pengo lote, dramu naye akaacha, kijana peke yake akabaki anatiririka katikati ya ukimya wa watu wazima. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi huo uanze, mtu mmoja akainuka kucheza. Alikuwa amesimama kwenda chooni, lakini akacheza.

Nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza, sasa wewe unamtaka au humtaki? Namwambia simtaki. Anasema mbona unamwongelea mpaka usingizini.

Sasa Jumamosi hii tuna harusi Kigamboni, malipo ya awali yameshaliwa. Jana jamaa kanipigia, sauti ya upole, "Kaka, samahani, Jumamosi gitaa sitaweza kukukodisha, nina deiwaka." Nikahisi tumbo linashuka. Nikamuuliza wanampa ngapi. Akataja. Nikamwomba asikate simu, nikaziba kipaza, nikawauliza wenzangu. Mwimbaji, yule aliyepaza sauti kuliko wote kikaoni, akasema mwongezee kumi juu.

Kwa hiyo Jumamosi anakuja. Si mwanachama, msinielewe vibaya, uamuzi wa kikao uko palepale. Anakuja kama deiwaka, na deiwaka analipwa kabla hajapanda jukwaani, kiasi ambacho mimi kiongozi sijawahi kukipata kwa usiku mmoja, na ya kukodi gitaa iko pembeni. Akichelewa hakuna faini, kwa sababu faini ni za wanachama. Kijana mpya tumempa manyanga, amekubali bila kinyongo na ameshanunua daftari lingine. Jana usiku pia simu yangu ililia, nikaona nimerudishwa kwenye grupu. Nimewakuta wenzangu wote wameshamo.