Gorogoro la mbegu na faini ya milioni

Hadi Novemba 2025, jirani aliyekuuzia gorogoro (kopo la kupimia nafaka) la mbegu za kunde alizozitunza kwa moshi wa jiko lake alikuwa akijiweka katika hatari ya kifungo cha miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Ndiyo Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya Kenya, kama ilivyorekebishwa 2012, iliyokataza kuuza mbegu zisizoidhinishwa. Kundi la wakulima wadogo likaenda Mahakama Kuu ya Machakos, na vifungu hivyo vikatupwa.

Wapo wanaolalamika kwamba uamuzi huo unafungulia magonjwa mlango. Hawasemi upuuzi. Ugonjwa hatari wa mahindi uliozuka Bomet mwaka 2011 ulimaliza mashamba mazima, nao unaweza kusafiri ndani ya mbegu bila mtu kuuona. KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, ina kazi ya kufanya. Ila mbegu feki zinazomliza mkulima kila msimu humjia kwenye pakiti yenye nembo, si kwenye kibuyu cha nyanya yake.

Hebu tuipime hiyo milioni. Mwaka 2023 serikali ilinunua gunia la mahindi la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Faini ni magunia 250. Mwenye ekari moja, akijaliwa magunia 10 kwa mwaka, angelipa kwa miaka 25 bila yeye na watoto kuonja ugali. Wakati huohuo Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa haki ya kutokuwa na njaa, na cha 11 kinaliagiza Bunge lilinde mbegu za kiasili. Bunge likamtungia jela.

Tena si mbegu zote zinafanana. Mahindi chotara sharti uyanunue upya kila msimu, ndiyo maana kampuni zinayapenda. Kunde, mtama na njugu mawe mkulima huweka mbegu mwenyewe, kwa hiyo kampuni haioni faida kubwa hapo, na ndiyo mazao yanayostahimili ukame. Duka la mbegu hizo ni jirani.

Anayefanya biashara ya mbegu akaguliwe, tena vikali. Lakini mvua ikikatika Kitui, mbegu ya kwanza ikafia mchangani, mama hana pesa ya pakiti ya pili. Hubisha hodi ng'ambo ya ua na gorogoro mkononi.